Bunduki ya Mti na Risasi ya Kweli

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakina uwezo wa kuua hata kuku, lakini kimewahi kuteka askari, kufungua milango ya gereza na kuwapeleka watu kaburini. Kitu chenyewe ni bunduki ya mti. Siyo gobore la wawindaji, wala siyo silaha ya magendo. Nasema bunduki ya bandia, ile inayochongwa kwa kisu na kupakwa rangi ili mtu akiiona adhani ni chuma.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa shule ya bweni. Mwaka mmoja tukaamua kuigiza mchezo juu ya Vita vya Maji Maji. Wapiganaji wetu hawakutupa taabu, kwani mikuki na pinde zilipatikana kijijini. Taabu ilikuwa kwa askari wa Mjerumani, maana askari asiye na bunduki ni mtu aliyevaa kofia tu. Kwa kuwa baba yangu alikuwa seremala, kazi ya kutengeneza bunduki nikatwishwa mimi. Nikachonga sita, nikanunua kopo la rangi ya fedha, nikazipaka zote kuanzia mtutu hadi kitako. Siku ya mazoezi zilipotolewa jukwaani, ukumbi mzima uliangua kicheko. Zilimetameta kama masufuria mapya ya harusi.

Mpishi wa shule yetu alikuwa mzee aliyepata kuwa askari wa KAR, au keya kama walivyoitwa, na aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Jioni ile aliniita jikoni. Akaishika moja ya zile bunduki, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii umempelekea bwana harusi au askari?" Nilikaa kimya. Akasema, "Bunduki ya askari haing'ai. Kung'aa kwake usiku ni kifo chako. Inang'aa mahali pale tu ambapo mkono umeizoea."

Jioni tatu zilizofuata alinifundisha kazi. Kwanza tulipiga msasa mpaka nyuzi za mbao zikapotea kabisa, maana chuma hakina nyuzi, na jicho la mtu hutambua mti kwa nyuzi zake kabla halijatambua kitu kingine. Pili, tulikoroga masizi ya sufuria kwa gundi ya seremala, tukapaka mtutu na sehemu zote za chuma, ukakauka ukawa mweusi usiong'aa. Kitako tukakiacha rangi ya mti, kwa kuwa hata bunduki ya kweli kitako chake ni mti. Tatu, alichukua penseli, akatoa ule moyo wake mweusi, akausaga, akauchovya kwa kidole gumba na kusugua kwenye kingo: mdomo wa mtutu, mkono wa komeo na ukingo wa kifyatulio. Hapo, ndugu msikilizaji, nikaona ajabu. Mti uligeuka chuma mbele ya macho yangu. Mwisho alilowesha udongo mwekundu, akaupaka kwenye pembe na vishimo, akaufuta kwa kitambaa. Ule uliobaki ndani ukawa kutu.

Aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Usipake chuma. Paka kazi ambayo chuma kimefanya." Maana yake ni kwamba bunduki mpya haimtishi mtu sana. Inayotisha ni ile iliyochakaa, kwa sababu uchakavu wake unasema kwamba imekwisha kutumika.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za silaha za mti katika historia, na nimeona kwamba neno la yule mpishi limejaribiwa mara nyingi, tena na watu wakubwa kuliko sisi.

Twende kwanza Marekani, mwezi Desemba mwaka 1780, wakati makoloni yale yakipigana kujitoa katika mikono ya Mwingereza. Huko South Carolina, karibu na mji wa Camden, alikuwapo kanali mmoja aliyeitwa Henry Rugeley, mtu wa upande wa mfalme. Alikuwa amejifungia na watu zaidi ya 100 ndani ya ghala la magogo lililoimarishwa kama ngome. Aliyekuja kumkabili alikuwa Kanali William Washington, ndugu wa mbali wa yule Jenerali George Washington. Washington huyu alikuwa na askari wa farasi, lakini hakuwa na mzinga hata mmoja, na panga za askari wa farasi haziwezi kubomoa kuta za magogo. Akaamuru watu wake wakate gogo la msonobari, walichonge mfano wa mzinga na kulielekeza kwenye ghala. Kisha akatuma ujumbe: jisalimisheni, au tunawalipua. Tarehe 4 Desemba Rugeley akatoka na watu wake wote, na haikulia hata risasi moja. Mkuu wake, Jenerali Cornwallis, alipopata habari aliandika kwa kejeli kwamba cheo cha brigedia ambacho Rugeley alikitarajia basi tena.

Mizinga ya namna hii Wamarekani waliipa jina la dhehebu la Kikristo la Quaker, ambalo waumini wake hukataa kabisa kupigana vita. Mzinga usiopiga ukaitwa mzinga wa Quaker. Ilikuwa dhihaka, lakini dhihaka yenyewe iliendelea kufanya kazi kwa muda mrefu.

Miaka themanini na moja baadaye Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao. Katika majira ya baridi ya mwaka 1861 kuingia 1862, jeshi la Kusini chini ya Jenerali Joseph Johnston lilipiga kambi Centreville na Manassas, katika jimbo la Virginia, si mbali na mji mkuu wa Washington. Johnston hakuwa na mizinga ya kutosha kujaza ngome zake zote. Basi kwenye matundu kadhaa ya ngome wakaingiza magogo yaliyochongwa na kupakwa rangi nyeusi, midomo ikielekea upande wa adui.

Upande wa pili alikuwapo Jenerali George McClellan, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, mwenye askari zaidi ya 100,000. Huyu alikuwa hodari wa kuliandaa jeshi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alipomhesabu adui, alimwona mara mbili au tatu ya alivyo. Aliamini kwamba Johnston ana askari wengi kumzidi yeye, hali kwa kweli Johnston hakufika hata nusu yake. Miezi ikapita. Rais Abraham Lincoln akawa anamhimiza asonge mbele, naye anajibu bado.

Mwezi Machi 1862 Johnston aliondoka zake kwa hiari yake. Askari wa Kaskazini walipoingia katika ngome zile tupu, walikuta magogo meusi yakiwatazama. Wapiga picha nao walifika. Picha hizo zipo hadi leo, na mojawapo inamwonyesha mtu amesimama nyuma ya gogo, ameshika kijiti kana kwamba anauwasha mzinga. Magazeti yalicheka. Tarehe 11 Machi Lincoln alimvua McClellan ukuu wa majeshi yote, akamwachia jeshi lake moja tu. Siwezi kukwambia kwamba magogo peke yake ndiyo yaliyomvua cheo, kwa kuwa Lincoln alikuwa na sababu nyingi za kumchoka. Lakini fedheha ile haikumsaidia.

Hapa ndipo pa kujifunza. Rangi iliyopakwa kwenye yale magogo haikuwa ya ufundi mkubwa. Ilikuwa nyeusi tu. Kazi iliyobaki aliifanya McClellan mwenyewe ndani ya kichwa chake. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jeshi la Kaskazini lilikuwa limepigwa papo hapo Manassas mwezi Julai 1861, na aliyepigwa huhitaji rangi kidogo tu ili aone mzinga.

Katika Vita Kuu ya Pili ujanja huu ulifikia hatua nyingine. Mwaka 1942, katika jangwa la Misri, Waingereza walijiandaa kwa vita vya El Alamein. Upande wa kusini, mahali paitwapo Munassib, waliweka mizinga ya bandia, kisha wakaiachia ichakae na kuharibika bila kuitengeneza, mpaka Wajerumani wakatambua kwamba ni ya uongo na wakaacha kuijali. Ndipo usiku Waingereza wakaiondoa na kuweka ya kweli mahali pake. Ama kweli, mwongo hodari ni yule anayejua lini akubali kukamatwa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tutoke vitani twende gerezani, kwa sababu kisa mashuhuri kuliko vyote vya bunduki ya mti ni cha mwizi wa mabenki.

Jina lake John Dillinger, mzaliwa wa Indianapolis, Marekani, mwaka 1903. Mwanzoni mwa mwaka 1934 alikuwa mhalifu anayejulikana nchi nzima. Mwezi Januari alikamatwa katika mji wa Tucson, Arizona, akarudishwa Indiana kujibu shtaka la kumuua askari polisi. Walimweka katika jela ya mji wa Crown Point, ambayo wenyewe walitamba kwamba hakuna mtu awezaye kuitoroka. Walinzi waliongezwa. Mwendesha mashtaka alipiga naye picha, Dillinger akiwa ameegemeza mkono begani mwa mwenzake kama marafiki wa zamani. Picha hiyo ilikuja kumharibia mwendesha mashtaka huyo maisha yake ya siasa.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1934 Dillinger alimwelekezea mlinzi bastola. Mlinzi akatii. Akaitwa mwingine, naye akatii. Wakafungiwa mmoja baada ya mwingine, mpaka Dillinger akafika zilipowekwa silaha za jela yenyewe, akajitwalia bunduki mbili za rashasha. Kuanzia hapo hakuihitaji tena ile bastola. Alitoka na mfungwa mwenzake, wakaingia katika gari la mkuu wa polisi wa wilaya ile, ambaye alikuwa mama, Lillian Holley, wakaelekea Chicago.

Dillinger mwenyewe alidai kwamba ile bastola ilikuwa kipande cha ubao alichokichonga na kukipaka kiwi nyeusi ya viatu. Wapo wanaobisha, wakisema ilikuwa bastola ya kweli iliyoingizwa kwa rushwa, na ya mti ililetwa kama kisingizio. Ubishi huo unaendelea. Lakini mwezi Aprili mwaka ule, akiwa mtoro anayetafutwa kila kona, alikwenda nyumbani kwa baba yake huko Mooresville, akapiga picha akicheka, mkono mmoja kashika rashasha na mwingine bastola ya mti.

Tuseme alisema kweli. Kwa nini kiwi? Nilipokuwa nikisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mpishi. Bastola za zama zile hazikuwa nyeupe kama sufuria. Chuma chake kilitiwa dawa kikawa cheusi chenye rangi ya buluu kwa mbali, ili kisishike kutu na kisimetemete. Nta ya kiwi ikisuguliwa vizuri hutoa mng'ao uleule mzito, mng'ao wa kitu kilichoshikwa na kupanguswa mara nyingi. Katika mwanga hafifu wa ujia wa jela, mbele ya mlinzi anayejua kwamba mtu huyu anashtakiwa kwa mauaji, kipande cha ubao chenye kiwi kilitosha. Kwa maana ile sifa ya Dillinger nayo ilikuwa rangi, tena ndiyo iliyokolea zaidi.

Lakini sikiliza mwisho wake. Kwa kulivusha lile gari la wizi kutoka jimbo la Indiana kuingia Illinois, Dillinger alivunja sheria ya serikali kuu ya mwaka 1919 iliyokataza kuvusha magari ya wizi mipaka ya majimbo. Makachero wa serikali kuu, idara ambayo mwaka 1935 ilikuja kuitwa FBI, wakapata haki ya kumsaka kila mahali. Tarehe 22 Julai 1934 walimngojea nje ya jumba la sinema la Biograph, Chicago. Alipotoka na kushtukia mtego, alishika bastola yake, wakampiga risasi akafa. Tangu siku ya ubao na kiwi hadi siku ya risasi haikutimia miezi mitano. Uongo ulimfungulia mlango mmoja, na mlango huo ukamfikisha mbele ya bunduki za kweli.

Nchi nyingi zimekaa zikatunga sheria juu ya jambo hili. Katika Kenya, Sheria ya Silaha za Moto inaitaja bunduki ya bandia waziwazi, na anayeitumia kufanya uhalifu hasalimiki kwa kusema ilikuwa ubao. Ndivyo ilivyo Uingereza pia. Huko mwaka 2005 lilifika mbele ya majaji wakuu shauri la mwizi aliyeingiza vidole ndani ya koti lake, akavitokeza mfano wa bastola, akaibia watu. Je, alikuwa na silaha ya bandia? Majaji walisema hapana, kwa kuwa mtu hawezi kuhesabiwa kwamba amebeba vidole vyake mwenyewe. Wizi ulibaki wizi, lakini shtaka la silaha likafutwa. Ukicheka, cheka, ila kumbuka kwamba aliyeibiwa hakucheka. Yeye aliona bastola.

Marekani, kwa sheria ya mwaka 1988, waliamuru bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya machungwa kwenye mdomo wa mtutu. Hii ndiyo rangi pekee katika habari yote hii iliyobuniwa ili iseme kweli. Lakini rangi hutoka, na ncha hung'oka. Mwezi Novemba mwaka 2014, katika mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa akichezea uwanjani bastola ya bandia ambayo ncha yake ilikuwa imetolewa. Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda ni ya uongo. Neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Gari lilifika, na kabla sekunde mbili hazijapita mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata.

Mwanzoni nilisema kitu hiki hakiwezi kuua hata kuku. Ni kweli, chenyewe hakiui. Kinachoua ni ile bunduki nyingine, ya kweli, ambayo kitu hiki huiita itokee. Kuiba kwa silaha ya bandia, au kucheza nayo, ni kumwambia mwenzako kwamba maisha yake yamo hatarini, na mwenzako hatakuomba muda akaikague mbao na msasa wake. Ataamini kile ulichotaka aamini, kisha atafanya kile ambacho mtu mwenye hofu hukifanya.

Nimebakiza deni moja kwako. Mchezo wetu ulifana. Askari wa Mjerumani walipoingia jukwaani, akina mama waliokaa mbele walirudi nyuma, nami nikavimba kichwa. Usiku ule yule mpishi alitaka zile bunduki zote sita zirudi jikoni. Zilirudi tano. Ya sita niliificha mimi chini ya kitanda. Siku mbili baadaye, saa mbili za usiku, nikaichukua nikamwendee mlinzi wa shule kwenye lango, nimtishe kidogo, tucheke. Alikuwa na upinde wake. Nilitokea gizani nikasema, "Mikono juu!" Hakuinua mikono. Mshale ulinipita sikioni ukaingia katika nguzo ya lango, na nilisikia sauti yake ulivyozama. Mlinzi aliponitambua alikaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto, akisema, "Ningesema nini kwa mama yako, mwanangu? Ningesema nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye ndiye angeubeba mzigo ule. Asubuhi nilimpelekea mpishi bunduki ya sita. Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliikata vipande viwili kwa shoka, akaisukuma chini ya sufuria la uji, akaniambia nichochee moto. Masizi yalirudi kwenye sufuria yalikotoka.

Siwaambii mafundi wa maigizo waache kazi yao. Jukwaa lina haki ya kuwa na bunduki zake, na zipakwe vizuri, zichakae kama zilivyochakaa za mababu waliouawa kwazo, ili watoto wetu wajue vita vile havikuwa mchezo. Ila pazia likifungwa zihesabiwe, na zikipungua zitafutwe usiku uleule. Nawe mzazi unayemnunulia mwanao bastola ya plastiki wakati wa sikukuu, itazame kwanza kama atakavyoitazama mlinzi wa usiku, gizani, akiwa peke yake.

Hadi juma lijalo, nakutakia heri.